Mashine Zilikwisha Kabla ya Saa Nne, na Lawama Zote Zimeniangukia Mimi

BARUA

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mhudumu katika duka kubwa linalouza vyombo vya umeme vya nyumbani, na kituo changu ni kaunta ya huduma kwa wateja, mahali anapoletwa mtu na malalamiko yake baada ya wenzangu wa kwenye rafu kushindwa kumridhisha. Kazi hii naipenda, na wateja wengi ninaowahudumia ni watu waungwana. Shida yangu huanza kila duka linapotangaza wiki ya ofa.

Tangazo hutoka gazetini, redioni na kwenye simu za wateja wetu, na hubeba picha kubwa ya bidhaa moja iliyoshushwa bei kuliko zote. Safari hii ilikuwa mashine ya kufulia, ambayo bei yake ilipunguzwa karibu nusu, na maandishi makubwa yalisema kwamba ofa hiyo ni ya wiki nzima. Chini kabisa, kwa herufi ambazo hata mimi mwenye macho mazima nazisoma kwa taabu, paliandikwa kwamba ofa ingedumu hadi bidhaa zitakapokwisha. Stoo kulikuwa na mashine sita tu. Siku ya kwanza watu walipanga foleni kabla mlango haujafunguliwa, na kabla ya saa nne asubuhi hapakuwa na mashine hata moja. Siku zote zilizobaki kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu, wengine wametoka mbali na gari la kukodi la kubebea mzigo, kwamba walichokifuata hakipo.

Mzee mmoja alifika akiwa na tangazo alilolikata gazetini. Alilitandaza juu ya kaunta, akanyoosha mikunjo yake kwa kiganja, kisha akaweka kidole chini ya maneno "wiki nzima" na kuniuliza, "Binti, leo si ndiyo kwanza siku ya pili?" Nilimwonyesha yale maandishi madogo, kama tulivyoelekezwa. Akavaa miwani, akayasoma, akaikunja karatasi yake na kuondoka. Wengine hawaondoki kimya hivyo. Wapo wanaoshikilia kwamba kwa kuwa tumetangaza, basi sheria inatulazimisha kuwauzia kwa bei ileile. Mmoja aliniita mwizi mbele ya foleni nzima, na mwingine alisema mashine tumewafichia ndugu zetu. Wachache walikuwa wameagiza na kulipa kabisa kupitia simu, wakaja kuchukua, wakakuta hakuna kitu.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni maagizo ya meneja. Ametuambia tuwajibu wateja kwamba mzigo mwingine unaingia wiki ijayo, ilhali najua hakuna ulioagizwa, kisha tuwapeleke kwenye mashine ya aina nyingine ambayo ni ghali zaidi. Anasema mteja akishaingia mlangoni asitoke mikono mitupu. Nilipomwambia kwamba nasikia uzito kusema hivyo, alinijibu kwamba ukweli wangu utawafukuza wateja.

Naomba unisaidie kujua wateja hawa wana haki gani, niwaambie nini wanaposimama mbele yangu, na nifanyeje kwa meneja bila kupoteza kazi ninayoitegemea.

Wako,
Mhudumu wa Kaunta

JIBU

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako kwa makini, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba uzito unaousikia moyoni ni wa haki. Ugomvi unaokukuta kaunta haukuanzia kaunta. Ulianza siku tangazo lilipoandikwa na mtu aliyejua kwamba stoo kuna mashine sita na bado akachagua kuandika "wiki nzima" kwa herufi kubwa. Wewe ndiye unayelipa deni la maneno ya mwingine, na ushauri wangu mwingi utahusu namna ya kulirudisha deni hilo kwa mwenyewe, kwa adabu na kwa ushahidi, bila wewe kusema uongo hata mmoja kwa niaba yake.

Tuanze na haki za mteja, kwa sababu hapo pana mkanganyiko wa pande zote mbili. Yule anayesema kwamba kutangaza kunakulazimisha kumuuzia, mara nyingi anakosea. Katika nchi nyingi, hasa zinazofuata misingi ya sheria ya Uingereza, tangazo la kawaida la biashara huhesabiwa kuwa mwaliko wa kuja kununua. Mkataba huzaliwa pale mteja anapoomba kununua na duka likakubali. Mantiki yake ni kwamba muuzaji hawezi kufungwa na kila msomaji wa gazeti, wakati bidhaa alizonazo zina kikomo.

Hata hivyo kanuni hiyo si ngao ya kila tangazo. Ipo kesi inayofundishwa sana katika vyuo vya sheria, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 1957. Duka moja mjini Minneapolis lilitangaza gazetini kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi lingeuza vazi moja la manyoya lenye thamani ya dola 139.50 kwa dola moja tu, na kwamba wa kwanza kufika ndiye angehudumiwa kwanza. Bwana Lefkowitz alifika wa kwanza akiwa na dola yake mkononi, akanyimwa kwa maelezo kwamba duka lina utaratibu wake wa ndani na ofa ile ilikuwa ya wanawake peke yao, jambo ambalo tangazo halikulitaja. Mahakama ilisema kwamba tangazo lililo wazi, mahususi na lisiloacha jambo la kujadiliwa linaweza kuwa ahadi kamili, na kwamba duka haliwezi kuongeza masharti baada ya mtu kuitikia. Alilipwa dola 138.50, yaani thamani ya vazi baada ya kutoa dola yake moja. Kwa hiyo duka linapotaja idadi, saa na utaratibu wa kuhudumia, limejifunga zaidi kuliko linapotangaza kwa ujumla. Lakini lifunge midomo yake kwa sababu hiyo? La, kwa sababu kutangaza kwa ujumla nako kuna hatari yake, na hatari hiyo ndiyo inayolihusu duka lenu.

Kando ya sheria ya mikataba, zipo sheria za kumlinda mteja, na hizi haziulizi kama mkataba ulikuwepo. Zinauliza kama tangazo lilimpotosha mtu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 kuhusu biashara zisizo za haki yanaliweka miongoni mwa mambo yaliyokatazwa moja kwa moja tendo la kuwaalika watu wanunue kwa bei fulani bila kuwafichulia kwamba muuzaji ana sababu za kuamini hataweza kuwapatia bidhaa kwa muda na kiasi kinachostahili. Kiasi hicho hupimwa kwa kuangalia bidhaa yenyewe, ukubwa wa tangazo na bei iliyotajwa. Mwongozo wa Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani wa mwaka 1967 unataja kukosa kiasi cha kutosha kukidhi mahitaji yanayotarajiwa kuwa dalili mojawapo ya tangazo la chambo, isipokuwa tangazo liwe limeeleza waziwazi kwamba bidhaa ni chache. Sheria ya Kumlinda Mteja ya Afrika Kusini ya mwaka 2008 nayo inakataza kutangaza bidhaa kwa bei fulani kwa namna inayoweza kumpotosha mteja kuhusu upatikanaji wake, na duka likitaja kikomo cha idadi, linawajibika kuitoa idadi hiyo.

Ukiyatazama yote hayo pamoja, utaona kwamba hakuna anayelizuia duka kuuza mashine sita kwa bei ya chini. Kinachokatazwa ni kuwaita maelfu kwa ajili ya sita bila kuwaambia kwamba ni sita. Na hapa nataka niseme wazi kuhusu yale maandishi madogo, kwa kuwa naona umefundishwa kuyategemea. Maneno "hadi bidhaa zitakapokwisha" yana maana tu ikiwa msomaji anaweza kuyaona na ikiwa hayapingani na maneno makubwa yaliyo juu yake. Mtu aliyesoma "wiki nzima" ameahidiwa siku saba. Kumwonyesha mstari wa chini baada ya kufunga safari ni kumwambia kwamba kosa ni la macho yake, na hilo humuumiza kuliko kukosa mashine. Usimwonyeshe tena mteja yeyote mstari huo kama jibu. Akitaka kuuona, mwonyeshe, lakini usiufanye ngao yako.

Wale waliolipa kwa simu kabla ya kuja ni kundi jingine, na kesi yao ni nzito zaidi, kwa sababu duka lilipokea fedha zao na kukubali agizo. Hao warudishiwe fedha zao zote mara moja, na wale waliogharimika kuja kuchukua mzigo wasikilizwe kuhusu gharama hizo. Sheria ya Afrika Kusini niliyoitaja hudai hata riba na gharama zilizotokana na jambo hilo, pale duka linapokubali agizo kisha likashindwa kulitimiza kwa kukosa bidhaa. Mpelekee meneja orodha ya wateja hao leo, usingoje wiki iishe.

Sasa nije kwenye kaunta yako. Mteja akifika, mwambie ukweli katika sentensi ya kwanza, kabla hajaanza kujieleza: "Samahani sana, zilikuwa sita na zilikwisha siku ya kwanza asubuhi." Idadi ni muhimu kuliko unavyodhani. Mtu aliyeambiwa "zimekwisha" hubaki na shaka kwamba huenda zipo nyuma zimefichwa, lakini aliyeambiwa idadi na saa anapata kitu anachoweza kukipima mwenyewe. Hasira yake inaweza kupanda kwanza, kwa sababu ataona jinsi alivyoitwa bure, nawe umwache akasirike, kwani ana haki hiyo. Usijitetee wala usimlaumu meneja mbele yake. Kisha muulize alihitaji mashine ya namna gani na kwa lini, maana mwenye ya zamani iliyoharibika hawezi kungoja, na anayetaka kubadilisha tu anaweza.

Baada ya hapo yapo mambo mawili ambayo duka linaweza kumpa, na yote yanahitaji idhini ya meneja ambayo nitaieleza punde. La kwanza ni hati ya kushikiliwa bei, yaani karatasi yenye jina la mteja, aina ya mashine, bei ya ofa, tarehe na sahihi, inayosema kwamba mzigo ukiingia atauziwa kwa bei ileile hata kama ofa imekwisha. La pili ni mbadala wa kweli, yaani mashine nyingine yenye uwezo unaolingana au unaozidi, kwa bei ya ofa. Njia hizi si za kubuni kwangu. Kanuni ya Marekani kuhusu maduka ya vyakula, iliyowekwa mwaka 1971 na kurekebishwa mwaka 1989, inaliruhusu duka lililoishiwa na bidhaa iliyotangazwa kujinasua kwa kutoa hati ya namna hiyo, au bidhaa inayolingana kwa bei iliyotangazwa au kwa punguzo linalolingana. Sheria ya Afrika Kusini pia inampa muuzaji utetezi ikiwa alijitolea kumpatia mteja bidhaa ileile au inayolingana nayo kwa bei iliyotangazwa, ndani ya muda unaofaa, na mteja akakataa bila sababu ya msingi.

Tazama tofauti kati ya mbadala huo na ule unaoagizwa kuuza. Kumpeleka mtu aliyekuja na fedha za mashine ya bei nafuu kwenye mashine ya bei ghali, huku ukimwahidi mzigo usiokuwepo, ndiyo danganya toto yenyewe ambayo sheria hizi zilitungwa kuizuia. Si vibaya kumwonyesha mashine ghali. Vibaya ni kumwonyesha bila kusema kwamba ni ghali zaidi, au kuitumia ile ya ofa kuwa chambo cha kumfikisha hapo. Mwambie, "Iliyopo sasa ni hii, na bei yake imezidi ya ofa kwa kiasi hiki," kisha umwache aamue. Wapo watakaoinunua kwa hiari, na hao hawatarudi na kinyongo.

Kuhusu tuhuma ya kuwafichia ndugu, naomba nikuulize jambo ambalo hukulijibu katika barua yako: je, katika zile sita, hakuna hata moja iliyonunuliwa na mfanyakazi au iliyowekwa pembeni kwa ajili ya rafiki wa mtu? Mambo haya hutokea madukani, na wateja wanayajua. Kama ilitokea, basi yule aliyekutuhumu alikosea mtu tu, hakukosea jambo. Duka liweke utaratibu kwamba hakuna mfanyakazi atakayenunua bidhaa ya ofa wala kuitunzia mtu mpaka wiki ya ofa iishe, na mteja mmoja asiuziwe zaidi ya moja, kwa kuwa wachuuzi nao hupanga foleni. Masharti hayo yaandikwe kwenye tangazo, maana tumeona Minneapolis kilichowapata walioyaficha.

Anayekuita mwizi kwa sauti mbele ya watu huna wajibu wa kumvumilia peke yako. Mwambie kwa utulivu kwamba unamwita msimamizi, umwite kweli, na usirudie kujieleza mpaka afike.

Nimelibakiza suala la meneja kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Usiende kwake na malalamiko ya moyo wako, kwa kuwa hayo ameshayajibu. Nenda na daftari. Kuanzia ofa ijayo, au hata sasa kama kuna wateja wanaoendelea kufika, andika kila anayeulizia bidhaa iliyokwisha: saa aliyofika, alichokifuata, kama alinunua kitu kingine au aliondoka, na neno lolote alilosema kuhusu kurudi au kutorudi. Usiandike majina ya watu. Meneja anaamini kwamba ukweli unawafukuza wateja, na huenda anaamini hivyo kwa nia njema kabisa, kwa sababu anachokiona ofisini ni mauzo ya walionunua. Walioondoka hawaonekani kwenye hesabu yoyote, nawe ndiye mtu pekee katika duka hilo anayewaona. Ukurasa uliojaa watu waliofika wakaondoka bila kununua chochote unaweza kumfikisha mahali ambapo maneno yako hayakumfikisha.

Mpelekee daftari hilo siku tulivu, mkiwa wawili, na umpe pia mapendekezo anayoweza kuyatekeleza. Tangazo litaje idadi ya mashine kwa herufi zinazolingana na za bei. Siku ya ofa, waliopanga foleni wapewe namba kabla mlango haujafunguliwa, ili mtu wa saba ajue hapohapo kwamba amekosa badala ya kusukumana hadi ndani. Bidhaa ikiisha, bango liwekwe mlangoni, ujumbe utumwe kwa simu zilezile zilizopokea tangazo, na redio iambiwe isiendelee kulisoma. Hilo la mwisho halina gharama ya kutajika, na lingewaokolea safari karibu wote waliofika siku ya pili na kuendelea. Omba pia idhini ya kutoa hati ya bei na mbadala, kwa maandishi, yenye kikomo kinachojulikana.

Na lile agizo la kusema mzigo unaingia wiki ijayo? Hilo likatae, lakini ulikatae kwa namna inayomwachia njia ya kutokea. Mwambie, "Bosi, nikisema wiki ijayo, wiki ijayo watarudi kwangu na sitakuwa na jibu. Naomba niseme kwamba hatuna tarehe, na nichukue namba zao tuwapigie zikija." Akisisitiza, mwombe agizo hilo kwa maandishi, bila ukali. Wengi huliacha wanapoombwa kulitia sahihi. Siwezi kukuahidi kwamba hatakasirika, wala sitakuambia kwamba kazi yako haimo hatarini hata kidogo, kwa kuwa simjui na wewe unamjua. Ndiyo maana nasisitiza utunze nakala ya tangazo, maelekezo yoyote mliyotumiwa kwa simu, na kumbukumbu za tarehe uliyozungumza naye, na uwaone viongozi wa chama cha wafanyakazi kama mnacho, kabla jambo halijaharibika. Mteja akikuuliza mahali pa kulalamika, mpe anwani ya mamlaka inayosimamia haki za wateja nchini mwenu bila kusitasita, kwa sababu kumficha jambo hilo kutakuweka wewe upande wa tangazo.

Hatua yako ya kwanza iwe kumwomba meneja akuruhusu kuisoma rasimu ya tangazo la ofa ijayo kabla haijapelekwa kuchapwa, na siku hiyo uende stoo ukahesabu mwenyewe kilichopo.

Wako katika ushauri,
Mshauri